TT-02 kwenye lami ya Nairobi: nunua shoki kabla ya alumini

Kama una Tamiya TT-02, gari la rimoti, hapa Nairobi na mwezi huu una pesa za kununulia kitu kimoja tu, nunua shoki za mafuta za Tamiya ziitwazo CVA. Acha kwanza bamba la kaboni, mikono ya alumini ya buluu, na shafti ya katikati inayometameta. Nimeliendesha gari hili likiwa na vifaa vya sandukuni, kisha likiwa na shoki za mafuta, na hakuna kitu kingine nilichokifunga ambacho kimelibadilisha kiasi hicho.

Kazi yangu ni kuuza shoki za magari halisi Kirinyaga Road. Kutwa nzima nasikiliza watu wakinieleza gari linavyoyumba, linavyopiga chini kwenye matuta, linavyovuta kushoto. Gari la rimoti la ukubwa wa moja kwa kumi lina magonjwa yale yale, na ndiyo sababu nalipenda: kitu ambacho kwa Probox kingenichukua asubuhi nzima chini ya jeki, hapa nakifanyia juu ya meza na kuona matokeo kabla chai haijapoa.

TT-02 ilitoka mwaka 2013. Magurudumu yote manne yanavuta kwa shafti, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 257, na chesisi yake ni beseni la plastiki lenye kuta na mbavu. Muundo huo ni mzuri. Shida ni kile sanduku la kawaida linachokiita shoki: mrija wa plastiki unaoteleza juu ya mwingine, springi imevishwa nje, basi. Ndani hamna mafuta wala pistoni. Kinachoituliza springi ni msuguano wa plastiki kwa plastiki.

Msuguano hufanya kazi kinyume na tunavyotaka. Hukaza zaidi pale mwanzo, kabla kitu hakijaanza kusogea, halafu ukishasogea hulegea. Kwa hiyo kwenye mikwaruzo midogo ya lami gurudumu haliinuki wala kushuka, linagonga tu juu ya ncha za kokoto. Likikutana na kiungio kikubwa cha simiti, springi inaruka bila wa kuizuia. Mafuta hutenda tofauti: ukisukuma polepole yanakupisha, ukisukuma kwa nguvu yanakukatalia. Ukinzani unakua kadiri kasi ya pistoni inavyokua, na hiyo ndiyo maana ya shoki.

Lami ninayoizungumzia si uwanja wa mashindano. Ni maegesho ya mtaa wetu Donholm Jumapili alasiri magari yakishatoka: nusu lami iliyochakaa, nusu simiti yenye viungio, na mchanga wa mjenzi fulani ambaye hamalizi kujenga. Mshiko ni mdogo, na sehemu ya kona moja imebonyea kwa sababu lori la maji hupita hapo. Gari linaloweza kupita hapo bila kuruka litapita popote mjini.

Kuna kijana wa jirani aliyekuja na TT-02 yake imejaa alumini, lakini shoki ni zile zile za sandukuni. Akanitazama nikifunga CVA zangu.

"Auntie, si hizo ni plastiki tu? Ungeanza na chesisi ya kaboni gari likaze."

Nikamwambia ashike magurudumu ya mbele ya gari langu, mimi nikashika ya nyuma, tukalikamua pande mbili kinyume. Kilichosogea kwanza ni springi, zikajibana hadi mwisho, na beseni lilikuwa bado halijapinda kwa kiasi cha kuonekana. Nikamuuliza, sasa kati ya hivi viwili ni kipi kilegevu?

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Chesisi nayo ni springi. Ikipinda, inapindia pamoja na springi za magurudumu, na tofauti yake ni kwamba haina mafuta ya kuituliza. Ukitumia springi ngumu sana kwenye zulia la ndani lenye mshiko mkali, chesisi inayopinda itakumezea marekebisho yako: unakaza springi za mbele ili kupunguza kuinama, lakini mwili wenyewe unajikunja katikati na badiliko halifiki nyuma. Ndiyo maana wanaoshindana kwenye zulia kwa magari kama ya Xray au Yokomo huchagua kati ya bamba la alumini na la kaboni, na hutoa au kurudisha skrubu za bamba la juu ili chesisi ipinde zaidi au ipungue. Wao wana sababu. Sisi tuna springi laini na lami isiyoshika. Beseni la TT-02 ni gumu kuliko springi hizo kwa mbali, na kuliongezea ugumu ni kununua kitu ambacho magurudumu hayatakisikia. Hata kwenye lami isiyoshika, wenye magari ya mabamba (yenye chesisi ya bamba bapa badala ya beseni) wengi hutafuta mpindo kidogo ili magurudumu yapate mshiko.

Ugumu ni jambo moja, unyoofu ni jingine, na huo wa pili ndio unaostahili muda wako. Beseni la plastiki hupindishwa na skrubu zake lenyewe. Vifuniko vya giaboksi ya mbele na ya nyuma ndivyo vinavyofunga ncha mbili za chesisi. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho kabla ya kugusa mwingine, chesisi inabaki imejikamua, na gurudumu moja la mbele linabeba uzito zaidi ya mwenzake. Gari la namna hiyo hukata kona ya kulia vizuri na kukataa ya kushoto, na mwenyewe atalaumu usukani. Nalegeza skrubu zote za vifuniko, nabandika chesisi juu ya kioo cha dirisha kilicholala, naikandamiza kwa kiganja, kisha nakaza kwa mkono, kwa kuvuka: kulia mbele, kushoto nyuma, vivyo hivyo mpaka zote zishike. Bisibisi ya umeme iweke mbali. Uzi wa plastiki ukishachanika haurudi.

Kujua kama bado imepinda, rudisha magurudumu, simamisha gari kwenye kioo, kisha inua pua yake kwa ncha ya kisu katikati kabisa. Magurudumu mawili ya mbele yanapaswa kuondoka kiooni kwa pamoja. Likitangulia moja, kwanza angalia spesa za springi (vipande vidogo vinavyozibana) kama ziko sawa kushoto na kulia, ndipo urudi kwenye skrubu.

Sasa shoki zenyewe. CVA ni ya plastiki, kweli, na kijana hakukosea hapo. Lakini ndani ina vitu vinavyohusika: pistoni, mafuta, mipira ya kuzuia mafuta kwenye shafti ya milimita 3, na kiwambo cha mpira chini ya kifuniko. Kiwambo hicho ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Shafti inapoingia inachukua nafasi ndani ya mafuta, na mafuta hayabanwi. Kiwambo kinajikunja na kuipisha, bila hewa kuchanganyika na mafuta. Pistoni unazopata ni za tundu moja, mawili au matatu, na uchaguzi huo una uzito sawa na uchaguzi wa mafuta.

Kwa lami yetu natumia matundu matatu na mafuta mazito kidogo, ya namba 500, mbele na nyuma. Mtu anaweza kusema tundu moja na mafuta mepesi ni sawa na hayo, na ukisukuma shoki polepole kwa kidole utaona kweli zinafanana. Tofauti inakuja kwenye kiungio cha simiti. Pistoni ikisukumwa kwa ghafla, tundu dogo linasonga, mafuta hayapiti kwa wakati, na shoki inakuwa kama chuma kwa nukta moja. Gurudumu linarushwa hewani. Matundu mapana na mafuta mazito yanakupa utulivu ule ule kwenye kona, lakini yanameza kiungio. Wateja wangu wa Kirinyaga Road hulijua jambo hili kwa mgongo, siku wanapofungiwa shoki ngumu kisha wakapita barabara ya mawe.

Angalia namba za mafuta. Namba 500 ninayosema ni senti-stoki, kipimo cha uzito wa mafuta. Kampuni nyingine huandika wt, kipimo kingine cha uzito huo, na 40 wt ya Team Associated ni takriban senti-stoki 500, kwa hiyo usichanganye chupa mbili ukidhani 40 ni nyepesi kuliko 400. Na tafadhali usitie oili ya foku ya bodaboda. Najua iko karibu na bei yake ni nafuu. Hubadilika sana na joto na inaweza kuvimbisha mipira ya shoki hizi. Tumia mafuta ya silikoni peke yake.

Hata silikoni hubadilika. Namba ya chupa kwa kawaida hupimwa kwenye nyuzi 25. Asubuhi ya Julai hapa kwetu kipimo kinaweza kuwa 12, na mafuta ya 500 yanatembea kama ya 600 na zaidi. Gari linaonekana limelala, haliitikii usukani. Februari saa nane mchana lami imewaka na mafuta yamekuwa mepesi, gari linayumba. Nina seti mbili za mafuta kwa ajili hiyo, 400 ya miezi ya baridi na 500 ya jua.

Kuzijaza kunataka subira. Jaza mafuta hadi mdomoni, shusha na kupandisha pistoni polepole sana ili viputo vitoke, kisha iache imesimama mpaka mafuta yawe maangavu. Weka kiwambo kwa kukilaza kutoka upande mmoja ili kisifungie hewa, futa yanayomwagika, funga kifuniko. Unapoifunga ncha ya plastiki ya kushikia shoki garini kwenye shafti, usiishike shafti kwa koleo tupu. Mkwaruzo mmoja utakula mpira na mafuta yatavuja. Ifunge kwa kitambaa kinene kwanza. Baada ya hapo linganisha kushoto na kulia: zisukume ndani pamoja kwa vidole gumba, ziachie, zitoke kwa mwendo mmoja. Zisipotoka sawa, fungua tena moja. Pima urefu kwa kalipa pia, kwa sababu nusu zungusho la ncha linatosha kufanya mguu mmoja uwe mrefu kuliko mwenzake. Shoki nne zinazofanana, hata za plastiki, zinaishinda seti ya alumini iliyojazwa ovyo. Hilo nitalisema mbele ya yeyote.

Kimo cha gari nakipima kwa ufunguo wa Allen wa milimita 6: unapaswa kupita chini ya chesisi kwa kugusa tu. Wa zulia hushuka hadi milimita 5 au karibu na hapo, lakini hapa tumbo litasugua. Springi naweka laini nyuma na za kati mbele. Gari linasukuma pua nje kidogo kwenye kona ya kasi, na kwenye mchanga napendelea hivyo kuliko mkia kunitoroka. Tairi za sandukuni zinatosha kwa kuanza. Beringi, kama sanduku lako lilikuja na bushi za plastiki, ni za lazima, ila hizo hazihusiani na kona.

Kasoro zipo. Ukaze wa springi unarekebishwa kwa spesa za kubana, si kwa pete ya uzi, kwa hiyo unapanda kwa hatua na wakati mwingine unachokitaka kiko katikati ya spesa mbili. Zile ncha za plastiki za shafti ni ngumu kufunga kwa mtu mwenye mikono dhaifu. Na mwenye nia ya kushindana kwenye zulia atazipita mapema. Huyo anunue gari la mabamba moja kwa moja, asijenge TT-02 ya bei ya magari mawili.

Tulipoyapitisha magari yetu pamoja kwenye ile kona iliyobonyea, gari la kijana liliruka na kutua kando ya mstari, magurudumu ya mbele yakipiga kelele. Langu, lenye bodi ya Impreza ya buluu kama ile Colin McRae aliyoshindia Safari mwaka 1997, liliinama, likameza, likaendelea. Akaniuliza bei kabla ya kuniuliza kitu kingine.

Ukiagiza, hesabu vizuri: gari linataka shoki nne, na si kila pakiti ina nne. Hakikisha urefu ni wa TT-02, kwa maana CVA ziko za urefu mbalimbali na ndefu itainua gari kupita kiasi. Ongeza chupa ya 400 na ya 500 na seti ya springi laini kwenye mzigo huo huo, maana kusafirisha kitu kidogo peke yake kutoka nje hadi kikufikie hapa, pamoja na kodi, kunaweza kuzidi bei ya kitu chenyewe.