Siku tano za mafunzo ya kufundisha mtandaoni: Jumatano ndiyo iliyonifaa

Wenzangu wa vyuo vingine wamekuwa wakiniuliza kama yale mafunzo ya teknolojia kwa wahadhiri yana faida, au ni kwenda kula chakula cha hoteli na kurudi na cheti. Naandika nikiwa bado nakumbuka vizuri. Ninafundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja hapa Uganda, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Kitivo kilitulipia wahadhiri 34, Jumatatu hadi Ijumaa, katika hoteli moja nje kidogo ya Kampala. Kampuni iliyotufundisha siitaji jina. Nawapa nyota tatu kati ya tano, na karibu zote walizipata siku ya Jumatano.

Kwangu mimi mafunzo haya hayakuwa jambo dogo. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya Korona, niliachwa na madarasa matatu na simu moja. Nilifundisha utenzi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, nikikaa kwenye gari ili watoto wasinisumbue. Juni 2021 tukafungwa tena. Wanafunzi wangu wa Yumbe na Moroto, wilaya za mbali kaskazini, walikuwa wakinipigia simu usiku kuuliza mhadhara uko wapi, na mimi sikujua niuweke wapi ili waupate. Kwa hiyo nilikwenda hotelini nikiwa na daftari jipya na maswali kurasa mbili.

Jumatatu iliniumiza. Tulifika saa mbili na nusu asubuhi, tukanywa chai ya maziwa kwa mihogo na mayai, kisha hotuba za ufunguzi zikaenda hadi saa tano. Baada ya hapo zikaja slaidi kuhusu mwalimu wa karne ya 21. Mchana tukaambiwa tufungue kompyuta, na hapo ndipo mambo yalipokwama: watu 34, kila mmoja na kompyuta na simu, wote tunagombania Wi-Fi ya ukumbi mmoja. Ukurasa ulizunguka tu. Mzee wetu wa Historia, ambaye alikuwa amekuja na moyo wote, aliifunga kompyuta yake saa tisa na hakuifungua tena siku ile. Nililisema hili katika fomu ya tathmini na nalirudia hapa. Chuoni kwetu tuna eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, kupitia RENU, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti za Uganda; nywila ile ile inakufungulia mtandao hata ukitembelea chuo kingine kilichojiunga. Mafunzo ya mtandao yangefanyika pale pale kwenye maabara yetu ya kompyuta, na pesa za ukumbi zingelipia siku mbili zaidi za mkufunzi.

Jumanne walituonyesha mfumo wa kufundishia mtandaoni, wa kulipia, ambao hakuna chuo chochote kati ya vilivyowakilishwa pale kinachoutumia. Ni mzuri kwa macho. Lakini sisi tunatumia Moodle, kama Chuo Kikuu cha Makerere ambao mfumo wao, MUELE, umejengwa juu ya Moodle hiyo hiyo. Moodle ni programu huria ya kuendeshea kozi mtandaoni, haina ada ya leseni, ndiyo maana vyuo vyenye bajeti nyembamba vinaimudu. Kwa nini umfundishe mtu kuendesha lori wakati nyumbani ana baiskeli na barabara yake ni ya baiskeli? Siku nzima ikapita hivyo.

Jumatano akaja mkufunzi mwingine, binti wa miaka thelathini hivi, sauti ya taratibu. Hakuwasha projekta. Alisema, "Mabibi na mabwana, leo kila mmoja afungue kozi yake mwenyewe, ile anayoifundisha muhula huu. Nitapita meza kwa meza." Alikuwa amekuja na modemu zake mbili, akazigawa, upande huu moja na upande ule nyingine.

Alipofika kwangu akavuta kiti. "Dokta, kozi hii inakusumbua wapi?"

Nikamwonyesha jaribio la darasa la wanaoanza. Wanafunzi wetu wengi hukutana na Kiswahili darasani kwa mara ya kwanza wakiwa chuo kikuu, kwa hiyo maswali ni mepesi: andika kwa Kiswahili neno la Kiganda "ente". Jibu ni ng'ombe. Mfumo ulikuwa umewakosesha karibu darasa zima. Wanafunzi walilalamika, nami nikakaa siku mbili nasahihisha kwa mkono, nikidhani mashine haikijui Kiswahili.

Akaangalia jibu nililoweka, akaangalia la mwanafunzi, akakuza maandishi hadi herufi zikajaa kioo. "Tazama hii alama," akasema. Nilikuwa nimeandika majibu kwenye Word kwanza, kisha nikayanakili. Word huigeuza ile alama ya ng' ikawa imepinda, na wanafunzi kwenye simu zao walikuwa wameandika iliyonyooka. Kwa macho yangu ni neno moja, kwa mfumo ni maneno mawili tofauti. Akanifundisha kuweka majibu yote mawili, au kuweka nyota pale penye alama, ng*ombe, ili mfumo ukubali chochote kitakachokaa pale. Dakika nne. Nilijisikia kama mtu aliyetolewa mwiba aliotembea nao mwaka mzima. Nikakumbuka pia ng'oa, ng'ambo, king'ora, ng'aa, maneno yote niliyowahi kuwanyima watoto wa watu alama.

Hakuondoka. Akaniuliza kazi ninayotaka zaidi ni ipi. Nikamwambia kughani shairi. Tarbia ina mistari minne kila ubeti, na kwa kawaida mizani kumi na sita kila mshororo, na huwezi kujua kama mwanafunzi anaisikia mizani hiyo mpaka umsikie kwa sauti yake. Darasani nina watu zaidi ya mia moja, siwezi kuwasikiliza wote. Nilikuwa nimejaribu kuwaambia wapakie sauti kwenye mfumo, nusu wakashindwa.

Akawaomba wanafunzi wangu wawili, kwa simu, wamtumie walichorekodi. Mmoja alikuwa ametumia programu inayohifadhi kwa WAV, aina ya faili la sauti lisilobanwa, na dakika moja ya WAV yenye ubora wa CD hula megabaiti kama 10. Shairi la dakika tatu ni megabaiti 30, na mfumo wetu hauruhusu faili kubwa hivyo. Sauti ile ile ikigeuzwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, dakika moja haifiki hata nusu megabaiti, na kwa usemi wa mtu mmoja sikio halipotezi kitu cha maana. Hapa kwetu hilo ni jambo la mfukoni. Tangu Julai 2021 tunalipa kodi ya asilimia 12 juu ya data, na mwanafunzi aliye kijijini hununua bando ndogo ndogo za siku moja. Kumwambia apakie megabaiti 30 ni kumwambia achague kati ya shairi langu na chakula chake cha jioni. Sikuwahi kulifikiria hivyo kabla ya siku ile, na nimelitafakari sana tangu hapo.

La tatu alilonionyesha ni jaribio la nje ya mtandao. Ndani ya programu ya simu ya Moodle mwanafunzi anaweza kupakua jaribio akiwa na mtandao, akalifanya bila mtandao, kisha majibu yakapanda atakapoupata tena. Lazima mwalimu aruhusu katika mipangilio, asiweke kikomo cha muda, na matokeo yasubiri hadi mwisho. Kwa nchi ambayo Januari 2021 intaneti ilizimwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, na umeme hukatika bila hodi, hili lingekuwa somo la kwanza Jumatatu asubuhi.

Alhamisi ilikuwa ya akili mnemba. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022 hakuna kikao cha wahadhiri kisichozungumzia wanafunzi wanaoandikiwa insha. Mkufunzi wa siku hiyo alitusifia programu ya kutambua maandishi ya mashine. Nikaomba niijaribu kwa ikisiri ya tasnifu yangu ya mwaka 2009, niliyoiandika kwa Kiingereza. Programu ikasema sehemu kubwa imeandikwa na mashine. Ukumbi ukanyamaza. Namshukuru mkufunzi kwamba hakubishana. Alikubali kuwa alama ya programu hiyo haitoshi kumhukumu mwanafunzi, na mjadala uliofuata, wa kumwita mwanafunzi na kumwomba aeleze insha yake kwa mdomo, ulikuwa wa maana. Ijumaa ilikuwa ya vyeti na picha.

Muhula huu nimeweka kazi ya kughani kama nilivyofundishwa. Wanafunzi 88 kati ya 103 walipakia bila kunipigia simu. Na nimesikia mambo ambayo daftari la mazoezi lilikuwa likinificha. Waganda wangu wengi wanasema "lafiki", na kijana mmoja hodari alighani ubeti mzima juu ya kupiga "kula". Kwa Kiganda l na r zinabadilishana kufuatana na irabu iliyotangulia, kwa hiyo ulimi wake ulifanya ulivyozoea. Waacholi wananipa "samba" nikitafuta shamba. Nimemrudishia kila mmoja sauti yangu ya sekunde ishirini, nikimtamkia neno lake. Mmoja amenijibu kwa kurekodi upya mara tatu bila kuambiwa, na nyuma ya sauti yake unasikia jogoo na mama akimwita aje achote maji.

Kinachonisikitisha ni kilichofuata. Tuliahidiwa kundi la WhatsApp la kusaidiana kwa miezi mitatu. Kundi lipo, maswali yapo, majibu hakuna tangu wiki ya pili. Yule binti wa Jumatano, nasikia, alikuwa wa mkataba wa siku moja tu.

Kwa hiyo mkuu wa idara yako akiletewa mafunzo kama haya, asikubali kabla hajauliza mambo mawili: yatafanyika kwenye mfumo wenu wenyewe, na nani atakuwepo mwezi wa pili baada ya mafunzo. Akiweza, adai mkufunzi anayevuta kiti.

Mzee wa Historia aliniomba nimsaidie kuweka ramani zake za Bunyoro kwenye kozi. Ijumaa hii saa nane mchana tutakuwa watu sita katika maabara ya kompyuta ya ghorofa ya pili, kila mmoja na kozi yake. Anayependa kuja aje na chaja, soketi za ukuta wa nyuma hazifanyi kazi.