Duka la dawa Mwanjelwa, Mbeya: kipimo cha mimba na maelezo juu

Muuzaji hapa hakunirushia tu kipimo na chenji. Aliniuliza nimechelewa siku ngapi. Nikasema bado, tarehe yangu ni keshokutwa. "Basi subiri, dada, usije ukapoteza hela." Yai likirutubishwa, akaeleza, huchukua kama wiki hivi kujishikiza kwenye mji wa mimba, ndipo homoni inayosomwa na kipimo ianze kupanda. Nipime kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Akanipa asidi ya foliki, ile vitamini ya wajawazito, mikrogramu 400, nianze kumeza leo leo, maana uti wa mgongo wa mtoto hujifunga mapema mno, wengi wetu hata kliniki hatujaenda. Kasoro: sauti! Foleni nzima, wauza parachichi wakiwemo, ilinisikiliza. Nendeni jioni, watu wakipungua.