Mzee wa noti za zamani, Nyawera: nyota 4 kwa 5

Kama uko na noti ya dola ya zamani nyumbani hapa Bukavu, kabla ya kuipeleka kwa bakambisti, wenye kubadilisha pesa, pita kwanza kwa ule mzee wa Nyawera mwenye kameza kadogo na lupe, kile kioo cha kukuza. Babu alituachia noti mbili mu Biblia yake, kambisti mumoja alishanipa bei ya dola 3 juu ya ile ya 5, eti ni ya zamani haipite.

Mzee hakuangalia hata ile 5, alitafuta jina la benki. Akanionyesha na kidole, upande wa kushoto wino mweusi, jina la benki na mji mdogo wa Nebraska, nimero ya benki imeandikwa mara mbili, alafu muhuri ni rangi ya kahawa, haiko kijani. Ni ya 1929, aina ya kwanza. Tangu 1863 mpaka 1935 benki za miji kule Marekani zilikuwa zinatoa noti zenye jina lao, kila benki na nimero yake, na sinyatire ya keshia na ya prezida wa benki. Kwa hiyo bei inatoka kwa mji, benki kubwa ya New York ilitoa nyingi na zimebakia tele, ka benki ka kijijini kalitoa kidogo na wenye kukusanya njo wanagombania hizo.

Alafu akauliza, nani alipiga hii pasi? Nilishtuka. Ni mama mukubwa, si munajua hapa kwetu tunapigaga dola pasi ili zikubaliwe. Mu lupe nikaona mwenyewe mstari wa kukunja ungali pale katikati na karatasi imelala inang'ara. Pasi imekula bei, na iliniuma sana.

Noti ya pili ni ya dola 1000, Bank of the United States, 1840, karatasi ngumu ya manjano. Hiyo hakuchukua hata lupe. Alisoma nimero tu, 8894, akasema ni kopi, kopi zote za hiyo noti ziko na nimero ileile.

Nililipa franka 10.000 kwa zote mbili na hakuomba kuninunulia, hapo njo nilimwamini. Nyota moja nimetoa kwa sababu haandike kitu, bei anakuambia kwa mdomo tu, ukitaka uhakika utafute mwenyewe noti za nimero ileile ya benki ziliuzwa ngapi na zilikuwa na hali gani.

Mvua ikinyesha anafunga. Noti ulete mu kitabu, usiikunje, na skochi ya kubandika usiguse.