Miezi 18 na SUV mpya: skrini inayoganda, oili inayopanda
Nimeliendesha gari hili kwa miezi 18 tangu nilinunue likiwa jipya, na malalamiko ya wenzangu wenye gari la aina hiyo hayanishangazi tena, kwani mengi nimeyaona kwa macho yangu. Linalotajwa zaidi ni skrini ya dashibodi. Huganda ghafla, na kwa kuwa kiyoyozi, redio na kamera ya nyuma vyote huendeshwa kupitia humo, dereva aliyekwisha kuweka rivasi hubaki akitazama weusi mtupu. Programu imesasishwa mara mbili. Tatizo limepungua, halijakwisha.

Hata hivyo, naona skrini imelaumiwa kupita kiasi, ilhali kasoro nzito haionekani mpaka ufungue boneti. Injini ni ndogo, ina tabo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili kuongeza nguvu), na petroli hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Safari zinapokuwa fupi na injini isipate moto wa kutosha, sehemu ya petroli hushika kwenye kuta za silinda, hupenya kwenye ringi za pistoni na kushukia kwenye oili, wala haipati joto la kuifanya ivukize. Asubuhi moja nilichomoa kijiti cha kupimia nikakuta oili imepita alama ya juu kwa karibu upana wa kidole, nyepesi kama maji, inanuka petroli waziwazi. Oili ya namna hiyo hailainishi ipasavyo, na wa kwanza kuumia ni tabo, ambayo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Muuzaji alinieleza kuwa hiyo ni hali ya kawaida. Jibu hilo silikubali, kwa sababu injini kula oili kidogo naielewa, lakini kuizalisha sijapata kusikia. Nilisisitiza kipimo kiandikwe kwenye hati ya sevisi wakati waranti ingali hai, na tangu hapo nabadilisha oili nikifika nusu ya kilomita zilizopendekezwa.

Giaboksi ya klachi mbili husita na kutetemeka kwenye foleni. Zulia lililolowa baada ya mvua lilikuwa jambo dogo: mifereji ya paa la kioo iliziba majani, ikazibuliwa.

Anayesafiri masafa marefu ningemshauri alinunue, maana kwenye viti na breki zake sina la kulalamikia. Mwenye safari za dakika 10 atafute lenye injini ya kawaida isiyo na tabo.