Kuonya Faraghani au Mbele ya Waumini?

Mhubiri anapotosha watu. Umwite pembeni, au useme kanisani wote wakisikia?

Mathayo 18:15 inaanza na faragha: wewe na yeye peke yenu. Nabii Nathani naye alimkabili Mfalme Daudi, aliyechukua mke wa mtu, kwa kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake. Njia hii humwachia mtu heshima yake, na kwa deni au ugomvi wa ndoa sioni haja ya kipaza sauti. Kasoro yake ni kwamba mhubiri huitikia, "Nimesikia, ndugu yangu," kisha Jumapili anarudia yaleyale.

Hadharani utachukiwa. Utaitwa mwasi, na kwenye kwaya nafasi yako atapewa mwingine. Lakini Paulo alimpinga Petro mbele ya wote huko Antiokia (Wagalatia 2), maana wengine walishamfuata katika kosa lake la kujitenga na waumini wasio Wayahudi. Sisi wa Malindi mfano tunao jirani: msitu wa Shakahola, ambako tangu 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwamo, na upande wa mashtaka unasema waumini waliambiwa wafunge hadi kufa wakutane na Yesu. Fundisho la namna hiyo haliendi kuongelewa pembeni kwa chai. Hapo nachagua hadharani, mradi mwonyaji aje na Maandiko na ushahidi. Ndoto ya jana usiku haitoshi.