Gereji ya Gerezani Inayosoma Gari Kabla ya Kushika Spana

Mjomba wangu alikuwa ameshatoa arubuni ya shilingi milioni tano kwa ajili ya Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi kabla hajanieleza habari yake. Muuzaji, ambaye jina lake naliacha kando, alimwambia kwamba gari hilo ni mojawapo ya magari yaliyoingizwa na kiwanda chenyewe katika mashindano ya magari ya East African Safari ya mwaka 1971, na kwa sababu hiyo bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya ile ambayo gari la umri huo lingeuzwa bila maelezo hayo. Mjomba ana miaka 67 na ameyapenda magari hayo tangu akiwa kijana. Sikuwa na moyo wa kumkatisha tamaa. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba kabla ya kumalizia fedha zilizobaki tulipeleke gari likakaguliwe kwenye gereji moja ya eneo la Gerezani, hapa Dar es Salaam, ambayo mwenzangu wa kazini alikuwa akiisifu kwa muda mrefu. Haya ninayoyaandika ni tathmini ya huduma tuliyoipata hapo.

Gereji yenyewe haina kibao. Iko ndani ya ua, nyuma ya maduka ya vyuma na nati, na anayefika mara ya kwanza hulazimika kuuliza kwa wauza betri waliopo mbele. Ndani kuna shimo moja la kukagulia, mwembe mmoja unaotoa kivuli hadi saa nane mchana, na mafundi wanne wakiongozwa na mzee ambaye kila mtu humwita Fundi Mkuu. Siku tuliyofika palikuwa na Peugeot 404 isiyo na milango, Land Rover mbili za zamani, na injini ya Volkswagen juu ya meza. Hakuna kiyoyozi wala sebule ya wageni, lakini sakafu ilikuwa imefagiwa na kila spana ilikuwa mahali pake ukutani, kila moja ikiwa imechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe.

Ili msomaji aelewe kwa nini ukaguzi huu ulikuwa na uzito, ni lazima niseme kidogo juu ya dai la muuzaji. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa miaka mingi wakati wa Pasaka, yaani katikati ya mvua, katika barabara ambazo wakati mwingine hazikuwa barabara. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7 tu, na mwaka 1968 vilevile yalimaliza 7. Mshindi wa Safari hakuwa lazima gari lenye mbio kuliko mengine. Lilikuwa gari lililobaki zima. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404, gari ambalo wazee wengi wa mji huu walilijua kama gari la familia. Ndiyo maana Datsun ilipoleta 240Z, gari la michezo la milango miwili lenye injini ya silinda sita ya sentimita za ujazo 2,393, wapo waliodhani kwamba halingefika mbali. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda wakiwa ndani yake, na Shekhar Mehta akiwa na Mike Doughty wakashika nafasi ya pili katika gari kama hilo. Mwaka 1973 Mehta, safari hii akiwa na Lofty Drews, alishinda kwa 240Z baada ya kulingana pointi za adhabu na Harry Källström, na ushindi ukaamuliwa kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Gari la Herrmann la mwaka 1971 limehifadhiwa na kampuni yenyewe huko Zama, Japani. Kwa hiyo anayesema kwamba anauza gari ndugu wa lile anasema neno zito sana, na neno zito huhitaji ushahidi.

Fundi Mkuu hakufungua boneti kwanza. Alilizunguka gari mara mbili akiwa ameshika mikono nyuma, kisha akamwuliza mjomba, "Mzee mwenzangu, umeambiwaje juu ya gari hili?" Mjomba alieleza yote, na fundi alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Baadaye alituambia kwamba mwaka 1972, mashindano yalipoanzia hapa Dar es Salaam na Hannu Mikkola akaibuka mshindi kwa Ford Escort, yeye alikuwa mtoto aliyebebwa mabegani na baba yake ili aone magari yakiondoka. Nilielewa kwamba dai lile halikuwa jambo dogo kwake pia.

Kazi ilianzia kwenye kibati cha utambulisho ndani ya chumba cha injini. Kilikuwa na herufi HS30, ambazo ndizo za 240Z yenye usukani wa kulia, na mjomba alitabasamu. Fundi alituonyesha ribiti zilizokishikilia: ziling'aa, ilhali bati lililozizunguka lilikuwa na kutu ya miaka mingi. Kibati, alisema, kinaweza kuhamishwa na mtu yeyote mwenye drili. Namba ya kuaminika ni ile iliyogongwa kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na chumba cha dereva, na mahali hapo palikuwa pamepakwa rangi nyeusi nzito kuliko sehemu nyingine zote. Alimwita kijana wake, akamwagiza alete mafuta ya taa na sufi ya chuma, na wakaanza kuifuta rangi hiyo polepole, eneo lisilozidi upana wa kiganja, kwa muda wa saa nzima. Hawakutumia msasa wala mashine, kwa maelezo kwamba msasa ungekula herufi pamoja na rangi. Bati lilipobaki tupu, aliweka karatasi nyembamba juu yake na kuisugua kwa ubavu wa penseli, kama tulivyokuwa tukifanya shuleni na sarafu. Herufi zilijitokeza moja baada ya nyingine, nyeupe katikati ya weusi wa penseli. Ya kwanza ilikuwa R.

RS30 ni 260Z, gari lililochukua nafasi ya 240Z na kuuzwa kama toleo la mwaka 1974 likiwa na injini ya sentimita za ujazo 2,565. Haliwezi kuwa limeshiriki Safari ya 1971, kwa kuwa halikuwa limezaliwa. Injini iliyokuwamo ilikuwa kweli L24, yaani aina ya injini ya 240Z, namba yake ikisomeka vizuri ubavuni mwa bloku, lakini ililetwa kutoka gari jingine. Mjomba alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe na hakusema lolote kwa muda.

Gereji nyingi zingeishia hapo, zikachukua fedha ya ukaguzi na kutuaga. Kilichonifanya niandike tathmini hii ni kilichofuata. Fundi Mkuu alisema kwamba amekwisha kutuambia gari hili si kitu gani, na sasa anataka kutuambia ni kitu gani. Waliinua zulia na kukuta sakafuni alama nne za mraba, mahali ambapo fremu ya mabomba ya kumkinga dereva ilikuwa imechomelewa na baadaye kukatwa. Juu ya minara ya shokapu za mbele kulikuwa na vipande vya bati nene vilivyoongezwa kwa kulehemu, kazi ya mkono, isiyo ya kiwanda lakini ya mtu aliyejua anachofanya. Chini ya injini kulikuwa na matundu ya kufungia bati la kukinga sampu, yaani bakuli la oili. Kwenye paa, chini ya puti, walipata shimo la antena. Kijana mmoja aliingiza kipande cha waya ndani ya kizingiti cha mlango na kutoa tope kavu jekundu lililogandamana kama kipande cha tofali. Fundi alilivunja kwa vidole na kusema kwamba hili ni vumbi la bara, mchanga wa hapa kwetu haushiki hivi. Gari lilikuwa limekimbia mashindano, na limekimbia sana. Ila si mashindano yale yaliyotajwa na muuzaji.

Suala la umiliki lilichukua siku nne. Kadi na nakala za zamani zilizokuwa ndani ya bahasha ya muuzaji zilionyesha kwamba gari lilisajiliwa kwanza Nairobi mwaka 1975 na kuhamia Tanga mwaka 1976. Mwezi Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo, na mpaka haukufunguliwa hadi 1983. Safari yenyewe ilikuwa imeshabaki upande wa Kenya. Kwa hiyo gari lililokwisha kuvuka lilibaki huku, na mwenye kupenda mbio alikimbia katika mashindano ya ndani, akitengeneza kwa spea alizozipata. Nadhani hapo ndipo injini ya L24 ilipoingilia, kwa sababu kipindi kile mtu hakuchagua injini, alichukua iliyopatikana. Fundi Mkuu, kwa simu yake mwenyewe, aliwatafuta watu wa Tanga kupitia fundi mwenzake wa zamani hadi akampata mtoto wa mmiliki wa pili, na familia hiyo kwa hisani yao ilitutumia picha yenye rangi iliyofifia. Gari linaonekana likiwa na taa nne za ziada mbele, namba mlangoni, na pembe ya nyuma ya kushoto imebonyea vibaya. Tulifungua kitambaa cha ndani upande huo wa nyuma. Alama za nyundo zilikuwapo, safu tatu, mahali palepale.

Sasa niseme upungufu wa huduma hii, maana upo. Simu zao hazipokelewi asubuhi, na mara mbili nilifunga safari kutoka Mbezi nikaambiwa mzee ameenda Ilala kutafuta spea. Risiti niliyopewa mwanzoni ilikuwa imeandikwa kwa mkono bila maelezo ya kazi iliyofanyika. Nililazimika kuomba taarifa ya maandishi yenye namba na picha, nikaipata baada ya siku tatu. Kwa mtu anayenunua gari la thamani, taarifa hiyo ndiyo bidhaa yenyewe, na ingefaa iandaliwe bila kuombwa. Eneo la kusubiri halipo, na joto la mwezi Februari chini ya mabati si la kumfanyia mzee. Gharama ya ukaguzi ilikuwa shilingi 350,000, nami naiona ni ya haki kabisa ukilinganisha na kiasi tulichookoa.

Muuzaji alipoonyeshwa karatasi ya penseli hakubisha. Alisema kwamba yeye naye aliuziwa maneno yaleyale, jambo ambalo siwezi kulithibitisha wala kulikanusha, na alikubali bei ishuke hadi ile ya 260Z yenye injini iliyobadilishwa. Nilidhani mjomba angerudisha gari na kudai arubuni yake. Alilinunua, na kibati cha uongo aliking'oa mwenyewe kwa drili ya gereji, kisha akaagiza namba ya kweli ipakwe rangi nyepesi ili isomeke.

Tuliwaachia gari kwa matengenezo ya wiki sita, yakageuka tisa. Kabureta zote mbili zilifunguliwa, zikasafishwa na kupangwa kwa kusikiliza kila moja kwa mpira mwembamba uliowekwa sikioni. Breki za mbele zilipata pedi mpya na mabomba mapya. Springi za nyuma zilizokuwa zimechoka zilibadilishwa. Kupiga rangi wanapeleka kwingine, na nashauri mteja akague mwenyewe kabla ya kulipa sehemu hiyo, kwa kuwa mlango wa kulia wa gari letu ulirudi na michirizi ikabidi urudiwe. Mjomba alitaka alama za sakafuni zisawazishwe na zile safu za nyundo zijazwe puti ili pembe iwe laini. Fundi Mkuu alimsihi aziache. "Hizi ndizo karatasi zake, mzee mwenzangu. Ukizifuta, utabaki na kadi tu." Zimeachwa, na picha ya Tanga imewekwa ndani ya plastiki nyuma ya kiti cha abiria.

Anayetaka huduma hii aende siku za katikati ya wiki kabla ya saa nne asubuhi, achukue kila karatasi aliyonayo hata ile anayodhani haina maana, na asioshe chumba cha injini kabla ya kufika. Mzee hupenda kuuona uchafu ulivyo. Kwa sasa kuna magari sita kwenye foleni, na Peugeot 404 ile bado haijapata milango yake.