Uzoefu wangu: nilivoenda kuangalia fataki Nagaoka, Japani

Kama uko Japani au unapanga kwenda, mwezi wa 8 nenda Nagaoka, mkoa wa Niigata. Fataki zenyewe zinapigwa tarehe 2 na 3 pale mto Shinano ila nakuomba ufike tarehe 1. Mi nilifika siku hiyo, saa 4 na nusu usiku kengele za mahekalu zikaanza kulia, zikapaa fataki 3 tu, moja moja, nyeupe tupu, watu kimya kabisa. Saa hiyohiyo mwaka 1945 ndo ndege za Marekani zilianza kumwaga mabomu ya moto, mji ukaungua, wakafa watu zaidi ya 1,400. Aliyeibuni hiyo nyeupe ni fundi wa hapohapo, Seiji Kase, alikua mateka Siberia baada ya vita na wenzie wengi walifia huko, akaitengeneza kwa ajili yao. Inaitwa Shiragiku, ni lile ua jeupe wanaloweka msibani. Mi nimekua najua fashifashi ni makelele ya mwaka mpya, kumbe baruti inaweza kua dua. Nililia.

Kesho yake ndo ile fataki kubwa wanayoiita sanjakudama. Mfano wake upo nje ya stesheni, tufe la sentimita 90, linanifika kiunoni, kilo kama 300, na ndani vile vidonge vya baruti wanavipanga kwa mkono, kila kidonge tabaka juu ya tabaka, strontiamu inatoa nyekundu, bariamu kijani, shaba bluu, ndo mana ua la moto linageuka rangi likiwa bado juu. Kinalia king'ora kwanza, linapanda mita 600 hivi, linachanua, unaona mwanga wote halafu ndo mshindo unakuja kukugonga kifuani, mtoto wa mbele yangu alijificha kwenye nguo ya bibi yake.

Kiti ni cha kulipia. Wakala niliyemtumia hakusema kiti kiko ng'ambo ya mto, stesheni iko upande wa kulia mi nikapangiwa kushoto, nikavuka daraja kwa mguu na jua lile, iliniudhi kwakweli. Angalieni tiketi kabla ya kulipa, na kurudi foleni ya treni ni ndefu mno, bebeni maji.

Mwisho watu wote tuliwasha tochi za simu kuwapungia mafundi waliokua kule gizani, nao wakatupungia taa zao, tukakaa hivo hivo tunapungiana mpaka mkono ukachoka.